Doa la Mafuta Nyumbani kwa Mwalimu

Sehemu ya Sita

"Hakifiki," alisema Dereva.

"Kinafika," alisema mkewe. "Nyoosha shingo, acha ujanja."

"Mama Pacha, shingo yangu ndiyo hii hii uliyoolewa nayo. Sina nyingine ya akiba."

Uliyekosa gazeti la wiki iliyopita, usihangaike kumuuliza jirani, atakutilia chumvi. Kisa ni kifupi. Mama Pacha wa mlango wa tatu alikwenda kuazima pasi kwa Mwalimu wa chekechea, mlango wa nne. Alipoingia sebuleni, akaona doa la mafuta ukutani, juu kidogo ya kiti. La duara, pana kama kisahani cha chai, linang'aa. Doa la kichwa cha mtu aliyekaa, akaegemea, akastarehe, na si mara moja wala mbili. Na Mwalimu ni mjane, anaishi peke yake.

Pasi ikasahauliwa. Mama Pacha alirudi kwake, akamtoa kitandani mumewe aliyekuwa ndiyo kwanza karudi na lori, akamburuta kwa ukosi wa shati hadi kwa Mwalimu, akamkalisha kwenye kile kiti na kukibana kichwa chake ukutani. Hapo ndipo tulipomwacha, maskini, kabandikwa kama tangazo la mnada.

Sasa kisogo chake kiliishia chini ya doa. Seremala wa mlango wa kwanza hakuitwa na mtu, ila alikuja na futi yake ya chuma na penseli sikioni. Alipima mara mbili, akatangaza kwamba tofauti ni vidole viwili kasoro kidogo. Watu waliojaa mlangoni wakaguna. Vidole viwili si haba. Vidole viwili vinaweza kuokoa ndoa.

Mama Pacha akachukua mto wa kochi, akausukumiza chini ya makalio ya mumewe. Kisogo kikapanda, kikatua katikati ya doa kama kifuniko kwenye sufuria yake.

"Mnaona?" akauliza.

Dereva akasema kwamba ukimwongezea mtu mto, kila mwanamume wa jengo hili atafika hapo, hata Seremala. Seremala akataka kuthibitisha kwamba yeye hafiki. Akakaa, akafika. Huko nyuma ya umati mkewe akakohoa kikohozi kimoja tu, na Seremala akainuka haraka kama aliyekalia msumari wake mwenyewe.

Muda wote huo Mwalimu alisimama kando ya meza, vidole bado vina vumbi la chaki. Alisema neno moja tu, kwamba huyu shemeji hajawahi kukaa kwenye kiti kile kabla ya leo. Alipoulizwa basi nani aliyewahi, akanyamaza. Na mtu akinyamaza mbele ya majirani, dada zangu, majirani humjazia maneno wenyewe.

"Futi haina akili," Mama Pacha akasema. "Aitwe mtaalamu wa mafuta."

Hakukuwa na haja ya kuita. Bi Mng'aro alikuwa kizingitini tangu mwanzo, kisanduku chake kwapani. Kuna wanawake hawakosi misiba, yeye hakosi ugomvi.

Bi Mng'aro ndiye mwenye kile chumba cha urembo cha chini, kinachotazama barabarani: kioo kimoja, viti viwili, na cheti cha mafunzo ya wiki tatu kwenye fremu ya dhahabu iliyokizidi cheti chenyewe kwa thamani. Hajui mambo mengi, lakini moja analijua na amelifanya dini. Linaitwa skwaleni.

Hayo ni mafuta ambayo ngozi ya mtu hujitengenezea yenyewe, atakwambia, uwe tajiri uwe fukara. Ndiyo yanayokung'arisha paji la uso ukiwa kijana. Ukishapita miaka thelathini yanaanza kupungua, ndipo unapomhitaji yeye. Papa wa baharini anayo tele kwenye ini. Watani walipomsikia wakaanza kumwita Mama Papa, hivyo akabandika chupa zake karatasi inayosema kwamba yake yametokana na zeituni. Tena yameshughulikiwa kiwandani yasichache, maana yale ya mwilini yakikutana na hewa huchacha upesi. Yake hayachachi. Hilo huwaambia wateja mara tatu, hata wale waliokuja kunyoa nyusi tu.

Lakini chupa haisemi kama mtu. Kinachomuuzia ni kichwa cha mumewe.

Mumewe ni karani wa masjala, mrefu, mpole, mwenye kipara kisicho na unywele wa kusingizia. Kila asubuhi kabla ya kazi Bi Mng'aro humkalisha kwenye kigoda, akamdondoshea matone saba na kumsugua mpaka dari ionekane kichwani. Wateja huletwa kukitazama. Wengine huomba kukigusa. Na ili kisichafuke kwa ndani, tangu miezi minane iliyopita Karani hali kitu kilichopita kikaangoni. Anakula maboga ya kuchemsha na matango. Mkewe anasema mafuta ya tumboni huharibu mafuta ya kichwani. Nani alimfundisha hivyo? Wiki tatu zile.

Na sasa subira ilikuwa imezaa. Jumamosi, siku nne tu mbele, wakala wa maduka makubwa angekuja kukiona kipara kwa macho yake. Kikimpendeza, picha yake ingebandikwa kwenye kila chupa, na Bi Mng'aro angeagana na viti viwili na kioo kimoja.

Basi akaingia sebuleni kwa Mwalimu kama jaji. Akafungua kisanduku, akatoa vikaratasi vyake vyembamba vya kunyonya mafuta usoni. Akawaeleza watu kwamba mdomo hudanganya, karatasi haidanganyi. Kwanza akampangusa Dereva paji la uso, akakiinua kikaratasi dirishani. Kilikuwa kimeingia mafuta, vumbi na dizeli, rangi ya chai iliyolala.

Kisha akabandika kikaratasi cha pili kwenye doa, akahesabu hadi kumi, akakibandua, akakiinua.

Kilikuwa kimelowa mafuta, lakini safi kama kioo.

Akakunja uso. Mafuta ya mtu yakikaa ukutani wiki mbili huwa ya njano na kunuka kikaango cha jana. Haya hayakuwa na unjano. Haya, kwa kifupi, hayakuchacha.

Akakipeleka kikaratasi puani.

Mkaratusi. Harufu ndogo, ya mbali, tone moja tu. Tone ambalo alilitia kwenye chupa moja tu kati ya chupa zake zote, kwa ajili ya mafua yasiyoisha ya mtu mmoja tu.

Bi Mng'aro alifumba macho na kubaki hivyo, kikaratasi puani. Watu wakadhani ndiyo utaalamu wenyewe. Seremala akamnong'oneza jirani yake kwamba vitu hivi vina kina, si kama mbao.

"Sema basi," Mama Pacha akamwambia. Sauti ilikuwa imemshuka, haikuwa tena ile ya kuburuta watu. "Ndoa yangu iko puani mwako."

Alifumbua macho. Akamwona Dereva kwenye mto wake, mikono magotini kama mgonjwa anayengoja majibu. Akamwona Mwalimu. Akaona watu ishirini mlangoni, na kila mmoja ana mdomo, na kila mdomo una shangazi mtaa wa pili. Akisema kweli, kufikia jioni kipara kile kitakuwa wimbo. Nani atanunua chupa yenye picha ya kichwa kinachoegemea ukuta wa mjane? Akaiona Jumamosi ikifunga mlango na kuondoka.

"Yanafanana," akasema.

"Na ya nani?"

"Na ya Dereva."

Mwalimu akainua uso, akamtazama.

Dereva hakupiga kelele, na hilo ndilo lililowashangaza waliomjua. Aliuliza taratibu: "Dada, mimi safarini hata uso sinawi siku nzima. Hicho changu kama tope, hicho kingine kama maji. Vinafanana kwa lipi?"

"Kitaalamu," akajibu Bi Mng'aro. Ni neno zuri. Hulisemi ila pale akili ilipokwisha.

Mama Pacha hakungoja tafsiri. Alitoka, na umati ukamfuata, maana sebule ya Mwalimu ilikuwa imekwisha utamu na utamu umehamia koridoni. Mara ikasikika kabati likifunguliwa, begi likiburutwa, na Dereva akiomba walau wembe wake wa kunyolea usitupwe pamoja na soksi. Pacha wakaanza kulia, mmoja akianzisha na mwenzake akipokea.

Bi Mng'aro alikuwa anafunga kisanduku chake upesi upesi. Mwalimu akatangulia mlangoni, akaurudishia.

"Umeyatambua," akasema.

"Nimetambua nini?"

"Mafuta yako, dada. Hukunusa vile kwa sababu ya Dereva."

Kulikuwa na njia nyingi za kujibu. Bi Mng'aro alijaribu tatu. Kwanza alikana. Kisha akatishia kwamba mwanamke mwenye adabu hamkaribishi mume wa mtu. Mwisho akakaa, kwenye kile kile kiti, juu ya mto wa Dereva, na kuuliza tangu lini.

Mwalimu akamjibu kwamba ni tangu mwezi wa pili. Jumanne na Alhamisi, saa saba, watoto wa chekechea wakishaenda kwao.

Leo ilikuwa Jumanne. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia saa saba kasorobo.

"Na anakuja kufanya nini?"

"Anakula."

Bi Mng'aro alicheka kile kicheko cha mtu anayetafuta pa kupigia. Akamwambia Mwalimu kwamba uongo huo akawape wale watoto wake wa chekechea. Mwanamume mzima, mwenye mke, mwenye jiko, anapandaje ngazi kuja kula?

Mwalimu hakubishana. Alikwenda jikoni, akarudi na sufuria, akaifunua. Nyama ya kukaangwa na vitunguu, mafuta bado yanachemka pembeni. Chini yake, wali. Harufu ilimpiga Bi Mng'aro usoni naye akasogeza kiti nyuma, kama vile nyama ingemrukia na kumtia chunusi.

Kisha akasimuliwa. Kwamba siku ya kwanza Karani alikuwa anapita ngazini, harufu ikamsimamisha. Alisimama pale kimya kama mtu anayesikiliza redio inayotaja jina la kwao. Mwalimu akamwona, akasema karibu, kama mtu yeyote angesema. Akaingia, akala sahani mbili bila kuinua macho. Akaegemea ukuta. Tangu siku hiyo anakula, anaegemea, anaongea kidogo, anaosha sahani yake, anavaa kofia, anarudi masjala. Doa Mwalimu alilifuta mara mbili kwa sabuni na majivu. Halitoki.

"Halitoki," Bi Mng'aro akakubali, na kwa kitambo kidogo, astaghfirullah, alijivunia. Kisha akakumbuka yuko wapi.

"Anaongea nini?" akauliza.

Na akashangaa kwamba nyama haikumuuma, ila hili.

"Kwamba kuna majalada yameloa mvua masjala, na mkubwa wake anataka kumsukumia yeye lawama. Kwamba anaogopa kufukuzwa. Hapati usingizi."

"Hajaniambia."

"Anasema nyumbani akifungua mdomo anaambiwa asikunje paji la uso."

Bi Mng'aro alikuwa amelisema hilo asubuhi ile ile. Amelisema jana. Alilisema hata siku ya maziko ya mama mkwe, watu wakiwa wanashuka na jeneza, na alilisema kwa upendo.

Akageuza silaha. Kama mambo yenyewe ni safi hivyo, mbona Mwalimu hakuwaambia watu? Mbona alisimama kama gogo, mtu mwingine akiharibikiwa?

"Aliniomba nisiseme. Alisema, mke wangu ana Jumamosi yake, usimharibie." Mwalimu akaweka sufuria mezani. "Nami nilijua umeyatambua, nikajua utasema. Sikujua utamchagua Dereva."

Ndivyo alivyoeleza. Wapo kati yenu mtakaoamini, na wapo mnaosonya sasa hivi, gazeti mkononi, mkisema hakuna mwanamume anayefuata nyama ya sufuriani peke yake. Bi Mng'aro naye hakujua asonye au aamini, na hakupewa nafasi ya kuamua. Mlango uligongwa mara mbili kwa ukucha, ukafunguka.

Karani aliingia kwa mgongo, akiangalia vurugu la koridoni, kofia imemfunika mpaka nyusi, mkononi ana mfuko wa vitunguu. Alikuwa anauliza kuna nini huko nje kwa Dereva. Akageuka. Akamwona mkewe kwenye kiti chake.

Vitunguu viwili vikaanguka, vikabingirika mpaka miguuni mwa Bi Mng'aro.

Mke wa mtu yeyote mwingine angelia, au angerusha kitu. Bi Mng'aro alimtazama mumewe toka viatu hadi juu, na neno la kwanza lililomtoka lilikuwa hili:

"Unavaa kofia? Kofia inafuta mafuta."

Mwalimu akamweleza kwa maneno machache, sauti ya kufundishia: doa limeonekana, Dereva ameshukiwa, mtaalamu ameitwa, mtaalamu ameamua ukuta ni wa Dereva.

"Umesema hivyo?" Karani akamuuliza mkewe.

Hapo Bi Mng'aro akasimama na maneno yakamtoka kama bomba lililopasuka. Kwamba si uongo, ni kuahirisha. Kwamba siku nne si siku. Jumamosi ikipita, wakala akishaweka saini, yeye mwenyewe atakwenda kwa Mama Pacha, atamwambia vikaratasi vilichanganyika, atampa chupa mbili bure. Kwamba Dereva amezoea kulala kwenye lori, kwake hiyo siyo adhabu, ni kazi. Na habari ya nyama wataizungumza nyumbani, na kama ni nyama tu basi anaweza kuruhusiwa, mara moja kwa wiki, ya kuchemsha.

"Na majalada?" Karani akauliza.

"Majalada gani?"

Alijua majalada gani. Ndiyo kwanza ameyasikia. Lakini swali lilimtoka kabla hajalizuia, kwa mazoea, na Karani alitikisa kichwa taratibu kama mtu aliyepewa risiti.

Nje begi liligonga ukuta. Mama Pacha alikuwa anamwambia mumewe asimguse, atakwenda kuwapeleka watoto kwa mama yake leo leo.

Karani akavua kofia, akaitundika kwenye msumari bila kuutafuta, mkono uliujua. Bi Mng'aro akamwona anavyoelekea mlangoni, akamshika mkono wa shati.

"Mume wangu, nakuomba. Jumamosi. Nimekihudumia kichwa hicho miaka mitatu."

"Ndiyo," akasema Karani. "Kichwa."

Akajitoa polepole, kwa adabu, kama alivyofanya kila jambo maishani mwake, na akafungua mlango wote.

Jua la saa saba liliingia kupitia dirisha la koridoni na kumpiga utosini. Kipara kikawaka. Kelele zikakatika nusu, kisha zikakatika zote. Seremala akakitazama kichwa, akakitazama kiti kinachoonekana nyuma yake, akaitazama futi yake, na hakuhitaji kupima. Mama Pacha alibaki na soksi moja ya mumewe mkononi, hajui airushe wapi. Ikaonekana hesabu ikipita toka uso mmoja hadi mwingine, mpaka ikafika kwa Dereva aliyeinama juu ya begi lililopasuka zipu, naye akawa wa mwisho kuinua macho, kama kawaida ya mwenye shida.

Ndani, Mwalimu alikuwa ameshapanga sahani ya tatu. Ya nne alikuwa ameishika, anamtazama Bi Mng'aro, hajaiweka mezani na hajairudisha kabatini.

"Dereva," Karani akasema, "liache hilo begi, ndugu yangu. Ingia tule. Kiti cha ukutani ni changu, wewe tafuta kingine."